Bendera ya Jeshi Inakumbuka Mahali, Haikumbuki Watu

Wasee, leo ni story ya kitambaa.

Kila tarehe 12 Desemba, Jamhuri Dei, kuna ile sehemu ya gwaride ambayo wengi wetu huitumia kwenda kuongeza chai. Wanajeshi wa KDF wamevaa makoti mekundu, bendi inapiga polepole, na bendera moja ya kikosi inapitishwa mbele ya safu, moja baada ya nyingine, hatua kwa hatua, kama watu hawana haraka yoyote maishani. Huku mtandaoni kila mtu anauliza ndege zinapita saa ngapi.

Lakini hicho kitambaa ndicho sababu ya gwaride lote. Na kama unatoka Kitui ama Makueni, kuna uwezekano mkubwa kuna mtu katika ukoo wenu aliyelipia kitambaa kama hicho kwa miguu yake, mgongo wake ama maisha yake. Swali langu ni moja tu: kinamkumbuka?

Jibu langu nakupa mapema, ndio ukitaka kuskroli uende ukijua. Kinakumbuka mahali alipopigania. Yeye mwenyewe hakimkumbuki.

Sina digrii ya historia. Niliacha chuo kikuu kabla nimalize. Lakini bendera haihitaji digrii, inahitaji tu mtu akuonyeshe mahali pa kuangalia. Twende.

BENDERA ILIKUWA NA KAZI

Rudi nyuma miaka 300, huko Ulaya. Hakuna redio, hakuna simu. Bunduki za wakati huo zinatumia baruti yenye moshi mzito, na baada ya kufyatua mara kadhaa uwanja mzima ni ukungu. Kamanda anapiga kelele, husikii. Hujui wenzako wako wapi. Kitu pekee unachoweza kuona juu ya moshi ni bendera ya kikosi chako kwenye mti mrefu. Ikisonga mbele, unasonga. Ikisimama, unasimama. Ikianguka, kikosi kinaanza kutawanyika.

Ndiyo maana kila kikosi kilikuwa na rangi zake, na zilikuwa rangi zinazopiga kelele. Ndiyo maana pia bendera zilikuwa kubwa sana. Za Waingereza wa karne ya 18 zilikaribia mita mbili kila upande. Na ndiyo maana zilipitishwa mbele ya safu: kila askari aijue bendera yake kabla ya vita, vile wewe unavyomtambua mamako sokoni kwa leso yake tu, kabla hata hajageuka. Ile hatua ya polepole ya Jamhuri Dei ilianza kama somo la kuokoa maisha.

Kisha bunduki zikaboreka. Mtu akawa anaweza kukulenga kutoka mbali na asikose. Sasa fikiria wewe ndiwe umebeba kitambaa kikubwa cha rangi kali. Wewe ndiwe shabaha. Mara ya mwisho Waingereza kubeba bendera za kikosi hadi ndani ya mapigano ilikuwa tarehe 28 Januari 1881, mahali panaitwa Laing's Nek, Afrika Kusini, wakipigana na Makaburu. Walishindwa vibaya. Baada ya hapo bendera za vikosi zikaachwa nyumbani.

Shika huo mwaka, 1881. Jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilianzishwa tarehe 1 Januari 1902. Maanake bendera ya kikosi ilipopewa Keya, kazi yake ya vita ilikuwa imeisha kitambo. Ililetwa kufanya kazi nyingine: kumfanya kijana aliyezaliwa Mutomo ama Mbooni ahisi kwamba yeye ni wa kitambaa fulani, na kwamba kukiaibisha ni kujiaibisha.

MLINGOTI WA KWANZA

Lakini Ukambani tulikuwa tumekutana na bendera kabla ya Keya, na hatukuanza vizuri.

Kama ulisoma historia sekondari, hii ilikuwa kwenye notisi zako na labda uliikariri tu upite mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kampuni ya Waingereza ya IBEA ilikuwa na ngome Machakos. Walitaka mlingoti wa bendera. Wakaenda wakakata mti wa ithembo, mahali patakatifu ambapo wazee walitoa sadaka na kuomba mvua. Nabii mwanamke, Syonguu, akawahimiza watu wa milima ya Iveti wainuke dhidi ya kampuni. Hiyo ni Machakos, nakubali, lakini kumbuka Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Ni story yetu.

Watu hupenda kuchambua rangi za bendera. Mlingoti hakuna mtu huuangalia. Ila hapo Ukambani, ujumbe wote ulikuwa kwenye mlingoti. Hata kama hungejua ile bendera ni ya nani, ungejua imesimama juu ya nini.

KUTOKA ITHEMBO HADI KEYA

Sasa hapa ndipo kuna kitu kinanishangaza. Miaka kama 50 baadaye, watu hawa hawa walikuwa miongoni mwa jamii zilizojaza Keya kuliko zingine Kenya. Maofisa wa kizungu walianza kusema Wakamba ni "kabila la wapiganaji", eti tumezaliwa na uaskari kwa damu. Kabla ya hapo, Mkamba aliyejulikana pwani alikuwa mfanyabiashara. Kivoi wa Kitui, yule aliyempeleka Krapf mpaka akauona Mlima Kenya mwaka wa 1849, alikuwa mtu wa misafara ya pembe za ndovu. Hakuna daktari amewahi kupata uaskari kwenye damu. Kulikuwa na ukame, kulikuwa na kodi ya nyumba iliyotakiwa kwa pesa taslimu, na mshahara wa askari ulikuwa bora kuliko wa kibarua kwenye shamba la mzungu. Hesabu ni rahisi.

Na kabla ya kuwa askari, wengi walikuwa wapagazi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika Afrika Mashariki, Waingereza waliwafukuza Wajerumani mpaka kusini mwa Tanzania ya leo. Hakukuwa na barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kwa hivyo mzigo ulibebwa na watu: risasi, unga, mahema, majeruhi. Mwaka wa 1917 kukawa na msako mkubwa wa wapagazi kote nchini, ukisimamiwa na John Ainsworth. Huyu ni yule yule aliyekuwa afisa wa Machakos miaka ya 1890, kwa hivyo Ukambani alikujua vizuri. Wapagazi wa Kenya waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Jina la jeshi lao, Carrier Corps, lilibaki kwenye midomo ya watu. Ukishuka Kariokor Nairobi ama Kariakoo Dar es Salaam, unashuka kwenye jina lao. Ni ajabu kidogo kwamba soko limewakumbuka kuliko jeshi.

KUSOMA MANENO YALIYOSHONWA

Turudi kwenye kitambaa. Kwa mtindo wa Waingereza kila batalioni ina bendera mbili. Moja ni ya mfalme, inayotokana na bendera ya taifa lao: hii inasema unamtii nani. Ya pili ni ya kikosi chenyewe, yenye rangi na nembo yake: hii inasema wewe ni nani. Nembo ya Keya ilikuwa baragumu, ala ya kupuliza ya wanajeshi wa bunduki, pamoja na taji juu.

Halafu kuna sehemu ninayotaka uangalie sana, yale majina. Kikosi kikipigana vizuri mahali fulani, kinaruhusiwa kushona jina la mahali hapo kwenye kitambaa. Keya walikuwa na orodha ndefu. Kutoka Vita ya Kwanza: Kilimanjaro, Narungombe, Nyangao. Kutoka Vita ya Pili: Gondar kule Ethiopia, Madagascar, na Mawlaik na Kalewa kule Burma, nchi tunayoiita Myanmar leo.

Narungombe ni karibu na Kilwa. Nyangao ni upande wa Lindi. Zote ni vita za 1917, mwaka ule ule wa msako wa wapagazi. Hapo ndipo mzigo ulikuwa unaelekea. Lakini mpagazi hakuwa na batalioni ya kupigana, hakuwa na bendera, kwa hivyo hakuwa na kitambaa cha kushonewa chochote. Mahali alipofia pakawa sifa ya mtu mwingine.

Ukiwa Nairobi pitia Kenyatta Avenue. Kuna sanamu za watu watatu, ziliwekwa 1928. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi pale yanaahidi, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kwamba hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Sasa tafuta jina. Hakuna hata moja. Mwaka wa 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikubali kwamba zaidi ya watu 100,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kuandikwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kwa njia yoyote. Ilichukua karibu miaka 100 ofisi kukubali kitu ambacho susu yako angekuambia kwa dakika mbili.

NG'OMBE, KISHA KIFARU

Usifikirie watu wetu walidanganywa na rangi tu. Mwaka wa 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe, ikisema ni wengi mno na wanaharibu udongo. Wengi wa ng'ombe hao walipelekwa kiwanda cha nyama cha Athi River kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, kwenda kumwona gavana. Serikali ilimhamishia Lamu, lakini mpango wa kunyang'anya kwa nguvu ukasimamishwa. Sababu moja ni kwamba Wakamba walikuwa wengi kwenye Keya na polisi, na vita nyingine ilikuwa inanukia Ulaya. Serikali haingeweza kumchokoza baba nyumbani huku inampa mwana bunduki kambini.

Kwa maneno mengine, walijua bendera ina deni, na walilidai.

Kisha vita ikaja kweli. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikipambana na Wajapani kwenye bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko. Alama ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru. Fikiria hilo: mnyama wa nyika zetu, ameshonwa begani mwa watu wanaotembea kwenye matope ya Asia. Disemba mwaka huo waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Batalioni moja iliyokuwa ndani ya divisheni hiyo ilikuwa ya 11 ya Keya.

Nataka ushike hiyo namba. Kumi na moja.

BATALIONI IKIFUTWA

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashuka. Batalioni tatu za Keya zilizokuwa Kenya zikabadilishwa jina: 3, 5 na 11 zikawa Kenya Rifles. Wanajeshi wale wale, kambi zile zile, namba zile zile, na kwa sehemu kubwa maofisa wakubwa bado ni Waingereza.

Wiki sita baadaye Afrika Mashariki yote ilikuwa inatetemeka. Zanzibar mapinduzi, 12 Januari. Wanajeshi wa Tanganyika wakaasi 20 Januari, wa Uganda 23 Januari. Na usiku wa 24 Januari 1964, ikawa zamu ya Lanet, karibu na Nakuru. Wanajeshi wa 11 Kenya Rifles wakagoma wakitaka mishahara bora na Waafrika kwenye vyeo. Uhuru umekuja, sisi mbona bado tuko pale pale? Jeshi la Uingereza likaitwa kuwazima.

Adhabu ya watu ilikuwa kortini na kufutwa kazi. Lakini kulikuwa na adhabu nyingine: Kenya ikaifuta batalioni yenyewe. Ikaundwa nyingine, 1 Kenya Rifles. Leo tuna 1, 3, 5, 7, 9 na kuendelea. Namba za Keya bado zinatembea kwenye gwaride, lakini 11 iliachwa Lanet.

Hapa ndipo utaelewa bendera ya kikosi ni nini hasa. Kikosi bila bendera hakipo. Ukitaka kuwasahaulisha watu, huhitaji kuchoma vitabu. Unafuta namba, unakunja kitambaa, na Kalewa inabaki bila mtu wa kuibeba.

NGAO YA NANI?

Bendera ya mfalme ilipoondoka, mahali pake kwenye majeshi yetu pakachukuliwa na bendera ya Jamhuri. Hii unaijua: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu ya kupigania uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Katikati kuna ngao na mikuki miwili, alama ya kulinda.

Ile ngao ni ya Kimaasai. Sina shida nayo, ni nzuri, na inaonekana hata kutoka mbali, ambayo ndiyo kazi ya alama. Lakini silaha kuu ya Mkamba ilikuwa uta na mishale yenye sumu. Mtu wa uta anahitaji mikono yote miwili. Ngao angeibeba na nini? Kwa hivyo jamii iliyojaza safu za jeshi kwa nusu karne ilipiga saluti, na bado inapiga, mbele ya silaha ambazo babu zake hawakuzitegemea.

Sisemi tubadilishe bendera. Bendera moja haiwezi kubeba kila mtu, ingekuwa kabati. Ninachosema ni kwamba bendera yoyote imechagua. Ukiiangalia, uliza pia nini hakikuchaguliwa.

Mtindo wenyewe bado ni wa Waingereza. Chukua bendera ya Jeshi la Wanamaji, lililoanzishwa Disemba 1964. Ni nyeupe, ina bendera ya taifa pembeni juu karibu na mlingoti, na nanga nyekundu upande wa pili. Ya Jeshi la Wanahewa ni samawati, na mpangilio ni huo huo. Waingereza hupanga zao hivyo hivyo. Tulibadilisha kilichomo kwenye fremu, fremu ikabaki.

KWA NINI NAKUSUMBUA NA HAYA

Kwa sababu hii tabia ya kukumbuka mahali na kusahau mtu haikuisha na mkoloni. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya KDF ilivamiwa El Adde, Somalia. Sote tunajua jina la mahali. Kwa muda mrefu serikali ilikataa kusema waliokufa ni wangapi, na familia zilibaki zikihesabu kwa mazishi. El Adde imekuwa kama neno lililoshonwa kwenye kitambaa, lakini waulize watu kumi wakutajie askari mmoja tu aliyekufa pale.

Na kwa sababu kila KDF wakitangaza kuandikisha makurutu, vijana wa Mwingi, Wote, Kibwezi na Mutomo wanaamka usiku na kukimbia kwenye vumbi na vyeti kwenye bahasha. Wengine wanasoma hii sasa hivi. Siwaambii msiende. Ni kazi ya heshima, na hesabu ya umau wako ya ukame na pesa bado ni hesabu yako. Nawaambia tu mjue kitambaa mtakachoapia kina kumbukumbu ya aina gani.

Na kwa sababu tarehe 25 Juni 2024 tuliona vijana mjini wamejifunga bendera ya Kenya mabegani, na siku hiyo hiyo serikali ikatangaza kuwaita KDF. Rangi zile zile nne, pande zote mbili za barabara. Kila upande uliamini ndio wenye kitambaa.

Najua mwanajeshi atanijibu: bendera ni ya kikosi, haiwezi kuwa rejista ya majina. Ni kweli, na ndiyo maana imedumu. Askari wanakufa, wanastaafu, kitambaa kinabaki. Sawa. Basi rejista iwekwe mahali pengine. Mashujaa Dei ya 2025 ilifanyika Ithookwe, hapo Kitui. Siku ya mashujaa, nyumbani kwa watu waliobeba mizigo mpaka Nyangao na bunduki mpaka Chindwin. Kaunti zetu mbili zina viwanja, zina kuta, zina bajeti za kuchora sura za wanasiasa kwenye mabango. Ukuta mmoja Kitui mjini na mwingine Wote, wenye majina ya wapagazi, askari wa Keya na wa KDF ambao familia zinawajua, hautashinda gharama ya hema na viti vya sherehe moja.

Na tusingoje kaunti. Umau aliyepigana Burma labda ameshaenda, lakini mtoto wake yuko, ana miaka 75, ameketi chini ya mwembe na hakuna mtu amemuuliza. Una simu. Muulize: alikuwa nani? Kikosi gani? Alirudi na nini? Nani hakurudi naye?

Kisha familia ikikubali, weka jina kwenye komenti hapa chini, pamoja na kijiji. Majina ya mahali tayari tunayo. Narungombe, Gondar, Kalewa, El Adde. Sasa tunataka ya watu.